UZI: Kinorwei cha Trøndelag, kwa nini mwisho wa neno haupo na "n" imegeuka "ny"

BintiPangani

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo nina siku mbili za mapumziko, acha niuandike. Nawalenga hasa ndugu zetu waliojifunza Kinorwei darasani kule kusini, halafu kazi, masomo au mgawo wa wakimbizi ukawaleta Trøndelag. Mkifika huku mkaona hamwelewi kitu, msianze kujilaumu kwamba hamkusoma. Kuna kanuni chache za sauti, na ukizishika masikio yanafunguka.

Nianze na lililonikuta. Nilisoma Oslo miaka miwili, mtihani wa kuzungumza nikaupita vizuri, nikahamia wilaya moja ya kando ya Trondheimsfjorden kufanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Zamu yangu ya kwanza ya jioni nikapewa bibi wa miaka 90 na kitu. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, anatazama theluji ikianguka uani. Nikamuuliza kama nimpeleke kulala. Akanijibu taratibu kabisa:

– Æ e itj trøtt, æ vil bærre sitt litt te.

Nilichodaka mimi ni "trøtt", yaani amechoka. Nikasema moyoni, sawa, bibi amechoka. Nikafunua kitanda, nikamtolea gauni la kulalia, nikarudi kumshika mkono ili ainuke. Akanikamata kifundo cha mkono kwa vile vidole vyake vyembamba, akanitazama usoni, akasema neno moja tu: "Itj." Nikamwelewa kwa macho, maana masikio yalikuwa bado. Nikamrudishia blanketi, nikavuta kiti, tukakaa wote tukatazama theluji.

Baadaye mwenzangu wa zamu akaniandikia ile sentensi kwa Kinorwei cha vitabuni: "Jeg er ikke trøtt, jeg vil bare sitte litt til." Sijachoka, nataka tu nikae kidogo zaidi. Maneno yote hayo nilikuwa nayajua! Tena ya mwezi wa kwanza darasani. Lakini "jeg" imekuwa "æ", "er" imebaki "e", "ikke" imekuwa "itj", "sitte" imekatwa mkia ikawa "sitt", "til" imekuwa "te". Usiku ule nilirudi nyumbani na lile karatasi mfukoni, na hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia lahaja hii kwa dhati.

Kwa wasiopajua: Trøndelag ni mkoa wa katikati ya Norwei, mji wake mkubwa ni Trondheim. Zamani ilikuwa mikoa miwili, ya Kaskazini na ya Kusini, ikaunganishwa tarehe 1 Januari 2018. Kusema kwa watu wa huku kunaitwa trøndersk, ila msidhani ni kitu kimoja. Mtu wa Namdalen, mtu wa Innherred, mtu wa Oppdal na mtu wa mjini Trondheim wanajuana kwa sentensi ya kwanza. Hata ng'ambo ya mpaka, Jämtland ya Uswidi, ambayo ilikuwa ya Norwei mpaka 1645, kusema kwa wazee kunafanana na kwa huku kwa mengi.

Sasa sauti zenyewe. Kubwa kuliko zote ni huko kukata mkia. Kitenzi cha vitabuni "å kaste", kutupa, huku ni "å kast". "Å hoppe", kuruka, ni "å hopp". "Å kjøpe", kununua, ni "å kjøp". Hata nomino, "ei vise", yaani wimbo, inakuwa "ei vis". Kwa sisi hili ni gumu maradufu, kwa sababu sikio la Mswahili linangoja irabu mwisho wa neno. Neno la mgeni likija tunalivika irabu ndipo linatulia: benki, basi, shati. Hawa jamaa wanaivua hata ile iliyokuwepo. Kwa hiyo mtu akisema maneno manne yaliyokatwa mfululizo, wewe unasikia konsonanti tupu zinagongana, hujui neno limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Mimi kilichonisaidia ni kuacha kungoja ule mwisho. Nilianza kusikiliza silabi ya kwanza tu, ile yenye mkazo, maana ndiyo iliyobeba neno.

Ya pili ndiyo niipendayo. Pale penye "nn" au "ll" baada ya irabu fupi yenye mkazo, ulimi wao hautulii kwenye ufizi kama wa mtu wa Oslo. Tumbo la ulimi linapanda na kubandika kwenye kaakaa gumu. Yaani ile "ny" yetu ya nyanya na nyumba. "Mann", mwanamume, inatamkwa kana kwamba unasema "manya" halafu ukakataa kuifikia a ya mwisho. Kwenye ujumbe wa simu wanaiandika "mainn". "Land", nchi, ni "lainn". "Alle", wote, ni "aill", na hapo ni "l" iliyofanyiwa jambo lile lile. "Itj" ya bibi yangu nayo ni "t" ya kwenye kaakaa, jirani wa "ch" yetu ila haina ule mvumo wa hewa. Hili wanalo pia watu wa kaskazini zaidi, Nordland na kuendelea, na kusini kidogo kuelekea Gudbrandsdalen. Kwa hiyo ukisikia "mainn" usikate shauri mara moja kwamba huyu ni wa Trøndelag. Ngoja aseme "itj".

Irabu nazo zimebadilika kinywani. "Fisk", samaki, ni "fesk". "Hest", farasi, ni "hæst". "Bare" ni "bærre".

Kuna na "l" nene, na kuna wimbo wa neno, lakini hayo yanataka nafasi yake. Nakunywa chai kwanza. Maswali karibuni.

MvitaAsilia

Dada, Mungu akuzidishie. Mimi ni mtu wa Mombasa na hili la "n" kuwa "ny" limenigusa, maana ndilo letu, ila sisi tuko upande wa pili. Nyinyi wa Kiunguja mwasema njia, njaa, njoo, macho, cheka. Sisi twasema ndia, ndaa, ndoo, mato, teka. Ulimi wenu warudi kwenye kaakaa, wetu wabaki mbele kwenye meno. Kwa hiyo mtu wa Oslo ndiye Mvita hapo, na mtu wa Trøndelag ndiye Muunguja.

Nikiwa darasa la nne nilisoma "mato" mahali palipoandikwa "macho". Mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu nikarudia mara kumi. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, tena papa hapa Mombasa, na mimi mtoto wa Mombasa nikaadhibiwa kwa Kimombasa. Mpaka leo nikizungumza na mtu wa ofisini nabadili ulimi bila kujijua. Watu wa huko je? Watoto wao wanasahihishwa?

KalamuNyekundu

Heshima kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa lugha, natoa angalizo kwa nia njema. Lahaja ni nzuri kwa utafiti na kwa nyumbani. Lakini mgeni akianza na "æ" na "itj" kabla hajashika lugha sanifu, atakwama kwenye mtihani na kwenye maombi ya kazi. Na hili la kukata irabu, tuseme kweli, ni ulegevu wa matamshi. Lugha yoyote ikiachwa bila kusimamiwa huenda huko. Vijana wajifunze Kinorwei fasaha, lahaja itajileta yenyewe.

BintiPangani

Nimerudi.

@MvitaAsilia pole sana kaka, hilo la kusimamishwa mbele ya darasa limeniuma. Jibu la swali lako ndilo jibu la @KalamuNyekundu pia, niruhusuni niliseme kwa urefu.

Mwalimu, katika kuandika uko sawa kabisa. Norwei ina maandishi rasmi ya namna mbili, bokmål na nynorsk, na mtihani unaandika kwa mojawapo. Lakini katika kusema hakuna Kinorwei sanifu kilichopitishwa na serikali. Hakipo. Kile tunachofundishwa darasani ni bokmål ikisomwa kwa sauti za upande wa Oslo, na ni chaguo la kufundishia tu. Mwaka 1878 Bunge lao, Storting, liliamua kwamba mafunzo ya shule za msingi yatolewe, kadiri inavyowezekana, kwa lugha ya kusema ya watoto wenyewe. Soma tena mwaka huo, 1878! Mtoto wa huku anasoma kitabu kilichoandikwa "jeg" na "ikke", akijibu swali anasema "æ" na "itj", na mwalimu anaendelea na somo. Daktari anayekuja kwetu kila wiki anasema hivyo hivyo. Wabunge wao wakisimama bungeni kila mmoja anasema kwa ulimi wa kwao.

Nyuma ya hayo kuna mtu ninayemheshimu sana, Ivar Aasen, aliyezaliwa 1813 katika familia ya wakulima huko Ørsta, magharibi. Kuanzia 1842 alizunguka nchi akikusanya maneno na sauti za watu wa mashambani, safari nyingi kwa miguu, na fedha za safari alipewa na jumuiya ya wanazuoni ya hapa hapa Trondheim. Mwaka 1848 akatoa sarufi, 1850 akatoa kamusi. Nynorsk ya leo imetokana na kazi hiyo. Alikaa kwenye majiko ya watu akaandika walivyosema, wala hakuwaendea ili awasahihishe.

Na sasa hili la ulegevu, mwalimu, hapa nakuomba ukae vizuri, maana ndipo penye utamu wa lahaja yote.

Mkia haukatwi ovyo. "Å kaste" inakuwa "å kast", sawa. Lakini "å være", kuwa, katika vijiji vya huku inakuwa "å værra" au "å vårrå", na mkia wake uko pale pale, tena una nguvu. "Komme", kuja, utaisikia "kåmmå". "Uke", wiki, ni "vukku". Kwa nini hizi zimeachwa? Sababu ni ya zamani mno, ya Kinorsi cha kale, yaani lugha iliyozaa Kinorwei. "Kasta" silabi yake ya kwanza ilikuwa nzito, ina konsonanti mbili baada ya irabu. Ikabeba nguvu yote ya neno, silabi ya pili ikabaki dhaifu, karne zikapita ikafa. "Vera" na "koma" silabi yao ya kwanza ilikuwa nyepesi, irabu fupi na konsonanti moja tu, kwa hiyo haikuweza kubeba mzigo peke yake. Silabi mbili zikagawana nguvu sawasawa, kama watu wawili waliochukua mzegazega. Ya pili ikaishi. Wenyewe wanaita jamvekt, yaani uzito sawa, na mwanaisimu Amund B. Larsen ndiye aliyeieleza kanuni hiyo mwishoni mwa karne ya 19.

Kisha tazama "vårrå", "kåmmå", "vukku". Irabu mbili za neno zimekaribiana mpaka zimefanana. Sisi hili si geni. Tunasema pikia na andikia, lakini somea na chekea. Hatusemi "somia". Irabu ya mzizi inaivuta irabu ya kiambishi ifuatane nayo. Hakuna Mswahili aliyefundishwa hilo, ulimi unajua wenyewe. Basi mkulima wa Verdal asiyejua jina la jamvekt wala la Larsen, akisema "å kast" lakini "å vårrå", anafuata mizani ya zaidi ya miaka elfu bila kukosea hata neno moja. Hapo ulegevu uko wapi, mwalimu wangu?

KalamuNyekundu

Hilo la pikia na somea limenishika. Neno "ulegevu" naliondoa, na asante kwa kunielekeza kwa heshima. Ushauri wangu kuhusu mtihani wa kuandika unabaki.

BintiPangani

Na mimi naukubali. Kuandika ni kuandika.

Mkagera

Nimesoma yote. Ule "wimbo wa neno" uliouruka ndio naungoja. Mimi nimekulia Kihaya nyumbani, toni kwangu ni kitu cha kila siku, na Waswahili wa pwani hamna. Hao Wanorwei wanayo kweli, au ni kupandisha sauti tu kama Waitaliano?

BintiPangani

Wanayo kweli, kaka, na wewe utatutangulia wengi. Sisi wa pwani cha karibu tulicho nacho ni mkazo: barabára ya kupitia magari, na barábara ya "sawasawa kabisa". Kwao ni mwendo wa sauti kupanda na kushuka ndani ya neno. Mfano wanaoufundisha wote ni "bønder", wakulima, na "bønner", maharage. Ile "d" haitamkwi, kwa hiyo maneno ni yale yale, kinachotenga ni wimbo. Kwa upande wa mashariki na huku Trøndelag, "bønder" inaanzia chini ikapanda. "Bønner" inaanzia juu, inashuka, ndipo inapanda. Magharibi na kaskazini mambo yamepinduliwa, ile ya kwanza inaanzia juu. Ndiyo maana mtu wa Bergen na mtu wa Trondheim hata wakisema neno moja unasikia nyimbo mbili.

Sasa la ajabu. Ule wimbo wa pili, wa kushuka na kupanda, unahitaji silabi mbili ili ukae. Huku wamekata silabi ya pili. Unadhani wimbo umekwenda wapi? Umebaki! Umebanwa wote ndani ya silabi moja. "Eit kast", mtupo, sauti yake inapanda tu. "Å kast", kutupa, irabu inavutwa kidogo, sauti inashuka na kupanda papo hapo. Mwisho wa neno ulikufa, toni yake ikahamia kwa jirani. Mimi nilichukua zaidi ya mwaka kulisikia hili, na nililisikia kwa yule bibi. Alikuwa akivuta "sitt" kama mtu anayeinama halafu anainuka.

Mkagera

Silabi imekufa, toni imebaki! Katika lugha zetu za Kibantu hili lipo sana, irabu inamezwa na toni yake inarukia ya jirani. Sikutegemea kulikuta kwenye theluji. Ahsante dada.

UviraSteinkjer

Aksanti sana dada kwa huu uzi. Mimi ni Mukongomani wa Uvira, niko Steinkjer na familia tangu mwaka wa saba sasa. Naongeza kidogo, kwa maulizo. Darasani tulifunzwa "hva, hvem, hvor, hvorfor". Huku ni "ka, kem, kor, koffer". Yote yanaanza na k. Tena hawageuzi maneno kama kitabu kinavyosema. Kitabu: "Hva heter du?" Huku: "Ka du heit?" Siku ya kwanza mzazi mwenzangu kwenye shule ya chekechea aliniuliza hivyo, nikafikiri anasema lugha ingine.

Watoto wangu wanasema trøndersk tupu. Binti yangu mkubwa aliporudi shuleni siku moja alinifundisha hii: "Æ e i A, æ å." Mimi pia niko darasa A. Æ ni mimi, e ni niko, i ni ndani ya, A ni darasa, æ tena ni mimi, å ni pia. Sentensi nzima irabu tu, hakuna hata konsonanti moja. Nilimwambia, mwanangu, wanakata irabu mwisho wa neno, kumbe wanazitunza zote hapa. Nyumbani tunasema Kiswahili, na huyu mdogo akisema "mama mi niko nachoka" anaivuta sauti mwishoni inapanda kama wa huku. Ninamsikiliza, ninafurahi.

MvitaAsilia

Mashallah. Mwache aivute.

FundiMitambo

Salaam wakuu. Mimi naja Trondheim mwezi wa nane, masomo ya uhandisi pale chuo kikuu cha NTNU. Masomo ni kwa Kiingereza lakini nataka nielewane na watu. Dada, je, nijifunze kusema hivyo, au nielewe tu? Na ile "l" nene hujaieleza.

BintiPangani

Karibu sana mdogo wangu. Kwanza elewa. Kusema kutakuja au hakutakuja, hakuna atakayekudai. Mjini Trondheim wamelainisha mengi ya vijijini, "vårrå" na "kåmmå" hutazisikia kirahisi, ila "æ", "itj", "ka" na "mainn" utakutana nazo dukani siku ya kwanza. Ukitaka kuanza na moja, anza na "æ". Mimi nilipoanza kuisema, bibi yangu aliweka kikombe chini akanishika shavu.

"L" nene sasa. Hii wanayo watu wa mashariki na wa Trøndelag, wa magharibi hawana kabisa. Inakaa katikati ya l na r, na wale ambao lugha za nyumbani kwao hazitenganishi l na r wanaweza kuipata mapema kuliko sisi tuliokazaniwa tangu utotoni tusichanganye. Inatokea kwenye "sol", jua, na kwenye "dal", bonde, kwa hiyo ukifika Oppdal utaisikia kwenye jina la mji wenyewe. Inatokea pia mahali ambapo maandishi hayakuonyeshi: "bord", meza, na "gård", shamba la mtu pamoja na nyumba zake. Zote mbili zilikuwa na "rð" katika Kinorsi cha kale, na mtu wa huku anazimalizia kwa sauti ile ile ya "sol". Mimi nilitafuta "bol" kwenye kamusi siku nzima kumbe wanasema meza.

Namna ya kuitoa: kunja ncha ya ulimi nyuma, ielekee juu ya kaakaa, isiguse kitu. Kisha iachie irudi mbele na chini kwa kasi. Ikipita, inapiga kaakaa mara moja tu nyuma ya ufizi. Usiishikilie kama l ya "lala", wala usiitetemeshe kama r ya "rarua". Ni pigo moja la njiani.

FundiMitambo

Nimejaribu "sol" mbele ya kioo karibu nusu saa. Inatoka "sor", mara nyingine "sod".

BintiPangani

"Sod" ni dalili njema, maana yake ulimi unagonga mahali penyewe ila unakaa sana. Upunguzie muda. Anza na "å" ndefu kabla yake, sema "gååå", kunja ulimi ukiwa bado unaivuta hiyo irabu, halafu uangushe. Ukisikia irabu inageuka rangi kidogo kabla ya pigo, hapo umeipata.